Dashibodi inasoma maili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhamisha gari la nje kwenye kilomita

Ukurasa huu ni wa mwenye gari lililotoka Uingereza au Marekani ambalo dashibodi yake inazungumza maili na galoni, na sasa linatembea Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, kwenye barabara zenye vibao vya kilomita. Maswali ni yale ambayo wanunuzi na mafundi wanayarudia kila siku. Tumeanza na ya msingi. Magari ya umeme, ya zamani na yenye matatizo yasiyo ya kawaida yako mwishoni.

## Ya msingi

Gari langu limetoka Japani. Haya yananihusu?

Kwa sehemu kubwa hayakuhusu. Japani wanatumia kilomita na selsiasi kama sisi, na matumizi ya mafuta wanayapima kwa kilomita kwa lita, ambavyo ndivyo hata sisi tunavyouliza: "lita moja inakwenda kilomita ngapi?" Kinachoweza kukusumbua ni kibandiko cha upepo wa matairi mlangoni (tazama swali la upepo), lugha ya skrini, na redio, ambayo ina swali lake chini kabisa.

Kwa nini gari la Uingereza lisome maili wakati Ulaya nzima inatumia kilomita?

Kwa sababu vibao vya barabarani vya Uingereza bado ni vya maili, na gari linalouzwa jipya kule lazima spidi yake isomeke kwa maili kwa saa. Lakini kiwanda kilekile kinatengeneza gari lilelile kwa ajili ya Ujerumani au Afrika Kusini. Programu ya dashibodi mara nyingi ni moja na vizio vyote vimo ndani yake. Ndiyo maana kazi hii, kwenye magari mengi ya karibuni, ni mpangilio wa dakika mbili na si matengenezo. Usilipe mtu kabla hujapitia menyu mwenyewe.

Maili moja ni kilomita ngapi hasa?

Ni kilomita 1.609344, kipimo kilichokubaliwa mwaka 1959 na nchi zilizokuwa zikitumia yadi. Ukiwa kwenye usukani huhitaji tarakimu zote hizo: zidisha kwa 8, gawanya kwa 5. Maili 30 ni kilomita 48, maili 50 ni 80, maili 70 ni 112 na ushei.

Si nitazoea tu? Kuna haja gani ya kubadilisha?

Nilidhani hivyo pia. Wiki ya kwanza na gari langu kutoka Uingereza nilikuwa natoka Chalinze kuelekea Morogoro, nikaona kibao cha 50, nikapunguza mwendo hadi mshale ukakaa kwenye 50. Nilikuwa na amani kabisa. Mbele nikasimamishwa. Tochi ya trafiki ilisoma 78. Askari alinionyesha namba, nami nikamwonyesha mshale, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Faini ilikuwa haki yangu. Kilichonikosesha usingizi usiku ule si faini: kibao kile cha 50 kiliwekwa kwa sababu ya shule, na watoto walikuwa wanavuka.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ipo haja, na kubwa. Hata wewe ukizoea, siku utakapompa gari ndugu yako au dereva, yeye ataona 50 na ataamini ni 50.

## Kubadilisha kwenyewe

Naanzia wapi?

Anza kwenye skrini ya katikati au vitufe vya usukani. Gari liwe limesimama, swichi ikiwa imewashwa. Neno unalolitafuta ni "Units". Kwenye Volkswagen zenye skrini utalipata ndani ya mipangilio ya gari, na hapo umbali, mwendo, joto, ujazo, matumizi na shinikizo la matairi vinachaguliwa kimoja kimoja. BMW zenye iDrive (mfumo wao wa skrini) wanaviweka ndani ya "Settings", karibu na lugha. Mercedes-Benz nyingi wanaviweka kwenye menyu ya dashibodi inayofunguliwa kwa vitufe vya usukani, sehemu ya "Instrument Cluster". Audi wana "Measurement units" ndani ya MMI, mfumo wao wa skrini. Range Rover na Discovery hutofautiana kwa umri: za zamani hupita kwenye menyu ya dashibodi, za karibuni kwenye skrini ya kugusa.

Magari yasiyo na menyu huwa na kitufe au kijiti cha kufutia safari kwenye dashibodi. Kwenye baadhi, ukikibonyeza na kukishikilia sekunde kadhaa, maili hugeuka kilomita. Kitabu cha gari kinasema. Kama hakikuja na gari, kampuni nyingi hukiweka mtandaoni bure.

Badilisha vyote kwa mpigo mmoja, isipokuwa upepo (sababu iko mbele). Gari lililobadilishwa nusu, umbali kwa kilomita na mwendo kwa maili, ni baya kuliko ambalo halikuguswa, maana hujui tena namba ipi uiamini.

Nimebadilisha, namba zote ni kilomita, lakini mshale wa spidi bado unasoma maili. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mpangilio unabadilisha maandishi ya skrini, haubadilishi namba zilizochapishwa kwenye uso wa saa ya spidi. Kama dashibodi yako yote ni skrini, nayo itabadilika. Kama ina mshale wa kweli, namba kubwa za nje zitabaki maili, na za kilomita ni zile ndogo za ndani, mara nyingi zimefifia.

Dawa rahisi ni kuwasha spidi ya tarakimu. Volkswagen wanaiita spidi ya pili, Mercedes wanayo ya ziada, na magari mengine mengi yanaweza kuonyesha mwendo kwa kilomita katikati ya saa mbili. Ukishaiwasha, usitazame mshale tena. Kama gari halina, kuna kioo kidogo cha tarakimu kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (ile fundi anayochomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari) chini ya usukani. Lugha ya OBD hupeleka mwendo kwa kilomita kwa saa katika kila gari, hata la Marekani, kwa hiyo kifaa hicho hakihitaji hesabu. Kifunge mahali ambapo hakizuii kuona barabara.

Kwenye menyu hakuna "Units" kabisa. Imefungwa?

Inawezekana imefungwa kwa ajili ya soko la nchi lilikotoka. Fundi wa kompyuta za magari anaweza kuifungua kwa mashine inayofaa: VCDS au OBDeleven kwa Volkswagen, Audi na Skoda, BimmerCode kwa BMW, FORScan kwa Ford. Mwambie kwanza ahifadhi mpangilio uliopo kabla hajagusa chochote. Akikuambia haina haja, tafuta mwingine.

Yapo magari ambayo hata mashine haisaidii, kwa sababu dashibodi yenyewe ilitengenezwa kwa maili tu. Hapo soma swali linalofuata.

Fundi anataka kubadilisha uso wa saa, au dashibodi nzima. Nikubali?

Uso peke yake ni kazi ya mkono mwepesi: mshale unang'olewa, karatasi ya maili inatoka, ya kilomita inaingia. Inafaa tu kama mizunguko inalingana. Uso unaoishia maili 160 ukiwekwa badala yake unaoishia kilomita 260, mshale utakaa karibu na ukweli, kwa kuwa maili 160 ni kilomita 257. Lakini uso wa maili 140 ukipachikwa wa kilomita 260, gari litadanganya katika kila mwendo, kwani maili 140 ni 225 tu. Na mshale ukirudishwa vibaya kwa milimita chache, yale yale. Baada ya kazi, pima kama ilivyoelezwa kwenye swali la GPS.

Dashibodi nzima ya mtumba ni jambo zito zaidi. Inakuja na kilomita za gari jingine. Kwenye Volkswagen na Audi nyingi za miaka ya 2000, ndani yake ndimo unamokaa ulinzi wa wizi, hivyo injini inawaka na kuzima papo hapo mpaka ifundishwe ufunguo. BMW za kizazi cha E46 na E39 zina hifadhi ya pili ya umbali nje ya dashibodi. Namba zisipolingana, kinukta huwaka kando ya umbali, na mnunuzi anayejua atakiona. Mimi ningeishi na spidi ya tarakimu miaka kumi kabla ya kufika huku.

## Umbali uliotembea

Kubadilisha maili kuwa kilomita si kuchezea mita?

Hapana, ukibadilisha kwa menyu. Kompyuta ina hesabu moja ya umbali, nayo haiguswi. Inaandikwa kwa kizio kingine tu. Maili 62,000 zikigeuka zitasomeka kilomita 99,779, na ukirudi kwenye maili utaziona 62,000 zako. Kama baada ya kubadilisha namba imebaki ileile na kinachobadilika ni herufi tu, simamisha kazi: kuna mtu anaandika uongo ndani ya gari lako.

Piga picha mbili siku hiyo, kabla na baada, zenye tarehe. Karatasi za ukaguzi na forodha zina namba ya siku gari lilipoingia, na ikiwa iliandikwa kwa maili, picha hizo ndizo zitakazoeleza kwa nini leo ni kubwa ghafla.

Muuzaji anasema gari la Uingereza limetembea 85,000. Niamini?

Muulize: elfu themanini na tano nini? Kilomita 85,000 na maili 85,000 ni magari mawili tofauti, maana ya pili ni kilomita 136,794. Wapo wanaonyamaza kwa kukusudia, na wapo ambao kwa dhati hawajui. Washa swichi utazame herufi kando ya namba: "mi" au "km".

Kisha thibitisha. Serikali ya Uingereza ina huduma ya bure mtandaoni ya historia ya MOT, ukaguzi wa kila mwaka kwa magari ya kawaida yaliyofikisha miaka mitatu. Ukiwa na namba ya usajili ya kule utaona umbali uliorekodiwa kila mwaka pamoja na kizio chake. Kwa gari la Japani, cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje huwa na usomaji wa umbali. Namba ya usajili ya Uingereza iko kwenye nyaraka za uagizaji. Muuzaji asiyetaka kukupa ana sababu yake.

Stika ya oili inasema "badilisha 67,000". Ni nini tena?

Hili ndilo swali ambalo watu wachache huuliza na wengi wangepaswa kuuliza. Fundi wetu amezoea kilomita 5,000. Anatazama dashibodi, anaona 62,000, anajumlisha 5,000, anaandika 67,000 na kubandika. Lakini zile 62,000 ni maili. Mpaka ufike 67,000 utakuwa umetembea kilomita 8,047 kwa oili iliyokusudiwa 5,000. Rudia hivyo miaka mitatu kwenye injini yenye turbo na utaanza kusikia sauti.

Kinyume chake pia hutokea: stika iliandikwa kwa maili, ukabadilisha dashibodi, sasa inasoma 99,800 nawe unadhani umepitiliza vibaya sana. Siku ya kubadilisha vizio, bandua stika zote chini ya boneti na mlangoni, andika mpya zenye neno "km". Fanya hivyo hivyo kwa mkanda wa taimingi, maana huo ukikatika, kwenye injini nyingi valvu na pistoni hugongana.

Kengele ya sevisi ya gari lenyewe haina tatizo hili. Inahesabu ndani kwa ndani na itageuka na vizio vingine. Ila imepangwa kwa barabara na mafuta ya Ulaya, kwa hiyo watu wengi hapa, nami nikiwemo, tunamwaga oili kabla haijalia.

## Mafuta, upepo na joto

Gari linasema "30 mpg". Ni zuri au linakunywa?

Mpg ni maili kwa galoni, na jibu linategemea galoni ya nani. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Kwa hiyo 30 za gari la Uingereza ni kilomita 10.6 kwa lita, na 30 za gari la Marekani ni kilomita 12.75 kwa lita. Kama unataka kukokotoa mwenyewe, zidisha kwa 0.354 kwa gari la Uingereza, 0.425 kwa la Marekani.

Menyu inanipa "km/L" na "L/100km". Nichague ipi?

Chagua "km/L" ikiwepo. Ndivyo tunavyofikiri hapa, na namba ikipanda ni habari njema. Kwenye "L/100km" mambo yamegeuka: namba ikipanda gari linakunywa zaidi. Nimeona mtu akifurahia 14 akidhani ni kilomita kumi na nne kwa lita, kumbe ni lita 14 kwa kilomita mia, yaani kilomita 7 tu kwa lita. Kama gari lako lina hiyo ya Ulaya pekee, gawanya 100 kwa namba unayoiona.

Upepo nao niuhamishe kwenye bar au kilopaskali?

Hapana. Huu ndio mmoja ninaoshauri uuache kwenye psi (pauni kwa inchi ya mraba), ingawa si kipimo cha metriki. Geji ya fundi pancha ni ya psi, na pale sheli utaulizwa "nikuwekee thelathini?" Gari likikuambia 2.2 nawe ukamwambia fundi 2.2, mtapotezeana muda tu. Kwa kumbukumbu: psi 32 ni bar 2.2, sawa na kilopaskali 220 hivi. Kibandiko cha Kijapani chenye 230 ni kilopaskali, yaani psi 33.

Joto la nje linasoma 86.

Ni Farenhaiti, na gari pengine ni la Marekani. Toa 32, gawanya kwa 1.8, unapata selsiasi 30. Hubadilishwa mahali palepale pa vizio vingine, ila kwenye magari mengine lipo kwenye menyu ya kiyoyozi.

## Magari na hali zisizo za kawaida

GPS ya simu inasema 92, gari linasema 97. Vizio vimeharibika?

Hapana, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kanuni ya kimataifa ya spidomita, namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inakataza gari kuonyesha mwendo mdogo kuliko halisi, na inaruhusu kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ndiyo maana tochi ilinisoma 78 na si 80. Ogopa kinyume: gari likisoma chini ya GPS, chunguza saizi ya matairi au uso wa saa uliobadilishwa.

Njia nyingine ya kupima, isiyohitaji simu, ni nguzo za kilomita kandokando ya barabara kuu. Futa safari kwenye nguzo moja, tembea nguzo kumi. Usome 10. Ukisoma 6.2, bado uko kwenye maili.

Nilichomoa betri, maili zimerudi.

Hutokea kwenye baadhi ya magari yanayohifadhi mipangilio ya dereva kwenye kumbukumbu inayotegemea betri, au yanayofunga mipangilio kwa kila ufunguo. Panga tena, na ukiwa na funguo mbili panga kwa kila mmoja. Mwambie fundi wa betri akujulishe kila anapochomoa. Hatari iko katika safari ya kwanza kabla hujagundua.

Gari ni la umeme na linasema "mi/kWh".

Ni maili kwa kila uniti ya umeme, uniti hiyohiyo unayonunua ya LUKU. Maili 4 kwa uniti ni kilomita 6.4 kwa uniti. Kwenye Nissan Leaf ya Uingereza, masafa yaliyobaki yakisoma 90 kwa maili una kilomita 145 mbele yako. Kosa la hapa angalau linakupa akiba, ila ukishabadilisha kuwa kilomita, lijue, maana 90 ya leo haifiki kule ilikofika 90 ya jana.

Land Rover ya zamani yenye waya wa spidi?

Hakuna menyu, hakuna kompyuta. Waya unazunguka, saa inahesabu mizunguko. Saa nyingi za Smiths zina namba ndogo usoni, ambayo ni mizunguko kwa maili. Saa ya kilomita ya gari hilohilo itakuwa na namba iliyogawanywa kwa 1.609. Yenye 1,280 kwa maili inahitaji mwenzake wa karibu 800 kwa kilomita. Ukibadilisha saa, magurudumu ya umbali ya ile mpya hayatajua historia. Andika kwenye kitabu cha gari: tarehe, maili za saa ya zamani, kilomita za saa mpya zilipoanzia.

Redio inaishia 95. Nayo ni suala la vizio?

Si vizio, ni masafa. FM ya Japani ni megahezi 76 hadi 95, yetu inafika 108. Kifaa cha kuongeza masafa, ambacho watu wanakiita ekspanda, hushusha mawimbi ili redio iyapate, kwa hiyo namba ya stesheni kwenye skrini haitalingana na ile inayotangazwa. Wengi huishia kubadilisha redio nzima.

Nauza gari nililolibadilisha. Niandike namba ipi kwenye tangazo?

Andika zote mbili na siku ya kubadilisha, mfano: "Imetembea km 118,400. Iliingia ikiwa na maili 62,000 (km 99,779), dashibodi ikawekwa kilomita wiki hiyohiyo, picha zipo." Mnunuzi makini atakokotoa mwenyewe akiwa amesimama mbele yako. Mwache akokotoe, na umwonyeshe picha.